Malaria haimwachi mwanangu na kilo zinashuka, naombeni ushauri

Mama Kurwa, Sikonge
Habarini wakuu. Binti yangu ana mwaka na miezi minne. Tangu mvua zianze ameugua malaria mara tatu. Anapewa dawa ya mseto, homa inashuka, wiki chache mbele inarudi. Alikuwa na kilo 9, jana mizani imesoma 7.9. Chakula hataki, ananyonya tu. Mama mkwe anasema tumembemenda, eti tumekutana kimwili mtoto angali ananyonya. Nimechoka kulia.

Baba Wawili
Pole sana dada. Hamjambemenda mtoto. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo, tukahangaika na homa huku mwili unakwisha. Chandarua ni kizima?

Mama Kurwa
Kimetoboka upande mmoja.

Muuguzi wa Kliniki
Kishone leo. Malaria inaharibu chembe nyekundu za damu na kuua hamu ya kula. Mtoto akikonda, kinga inashuka, na ugonjwa ukirudi unamkuta hana akiba. Ndiyo maana homa na lishe vinatibiwa pamoja.

Dawa ya mseto unampa na nini?

Mama Kurwa
Na maji. Kwani ina shida?

Muuguzi wa Kliniki
Ndiyo, na wengi hamuambiwi. Dawa hiyo inahitaji mafuta ndipo iingie vizuri mwilini. Mnyonyeshe, au mpe uji wa karanga, ndipo umpe dawa. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe. Umalize siku zote 3 hata akichangamka.

Kesho omba apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni wa kadiri. Apimwe na wingi wa damu. Ukibonyeza miguu yote miwili vishimo vikabaki, nenda usiku huohuo. Na usingojee mwili uchemke: mtoto aliyekonda sana anaweza kuwa na malaria bila homa. Dawa ya kuongeza damu usinunue mwenyewe dukani.

Jambo jingine, kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Waulize kama wana hadubini.

Mama Kurwa
Nimerudi. Mkono ni 12.1, miguu haijavimba, damu imepungua kidogo. Hadubini haikuona vimelea. Nimepangiwa kurudi wiki ijayo apimwe tena. Uji wa karanga amepokea vijiko sita. Mama mkwe ndiye aliyemlisha.