Ridi za alto: msasa, kisu au kikata-ncha?

alto_wa_Bamburi
Salamu wenzangu. Napiga saksafoni ya alto kwenye bendi ya hoteli huku Bamburi, jioni, nje kando ya bwawa. Natumia ridi (ule ulimi wa mwanzi unaotoa sauti) za Vandoren, pakiti ya buluu, ugumu namba 2.5. Kati ya zile kumi, chache tu ndizo zinaitika. Zilizobaki nzito kama mbao, noti za chini hazitoki mpaka nilazimishe. Kutupa siwezi, bei mnazijua. Nasikia wapo wanaosugua kwa msasa, wapo wa kisu, wapo wa kile kikata-ncha. Aliyevitumia vyote anilinganishie.

Mzee_Saksi
Mwanangu, kabla hujashika chombo chochote, jua ridi inaugua nini. Hapa pwani nyingi si ngumu, zimepinda. Umeipiga, umeifungia kwenye kesi ikiwa bado mbichi, na unyevu huu wetu; kesho ule upande bapa haulali tena juu ya mauthipisi (kile kipande cha kuweka mdomoni), hewa inavuja pembeni, nawe unasema "ngumu".

Pima hivi. Ilowanishe, ifunge kwenye mauthipisi, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, nyonya hewa yote kisha utoe mdomo. Ikishika kidogo ndipo ikaachia kwa mlio wa "pa!", imelala sawa. Ikiachia papo hapo, juu usipaguse bado. Tandika msasa namba 600 juu ya kipande cha kioo, iteleze ridi kwa ule upande bapa, vidole vikandamize kwenye gome, si kwenye ncha. Ukiona upande wote umeng'aa sawasawa, acha.

Mimi ni mtu wa msasa. Ule mweusi wa mafundi wa rangi za magari, hadwea yoyote unao. Unapunguza kidogo, unapiga, unapunguza tena. Kisu hakikupi nafasi hiyo.

kisu_Kisauni
Shikamoo mzee. Kwa upande bapa sina ubishi. Kwa upande wa juu, hapana: msasa unatafuna eneo pana, na mtu alitaka kidoa kimoja tu.

alto_wa_Bamburi, zungusha mauthipisi kidogo mdomoni ili upande mmoja wa ridi ubanwe na mwingine ubaki huru. Piga noti moja, laini. Halafu zungusha upande wa pili. Ule unaotoa sauti ya kuziba ndio mnene. Hapo kwaruza pembeni, nyuma kidogo ya ncha, ukifuata nyuzi za mwanzi, na kisu ukikisimamisha wima ili kikwaruze, kisichonge. Pale katikati penye moyo wa ridi usipaguse. Ukipala pale sauti inakuwa nyembamba na hairudi. Ncha nayo haizidi sana sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo usiende na haraka za matatu.

Mzee_Saksi
Marahaba. Mkono wako umezoea, ndiyo maana unasema hivyo. Mwenzio ndiyo kwanza anaanza.

binti_Nyali
Mbona hakuna aliyemwambia kuhusu kikata-ncha? Hakimsaidii hata kidogo. Ukiikata ncha, ncha mpya inaangukia sehemu nene zaidi, ridi inazidi ugumu. Kile ni cha ridi iliyochoka, iliyolegea, au iliyomeguka kidogo.

Na kabla ya kupala chochote, legeza ligacha (ile pete inayobana ridi), shusha ridi unywele mmoja chini ya ncha ya mauthipisi. Inakuwa nyepesi palepale. Ukiipandisha, inakuwa nzito. Bure kabisa.

Mimi kwa kazi za nje nimehamia Légère, ya plastiki. Haihitaji kulowanishwa, haijali kusi wala kaskazi. Moja bei yake inakaribia pakiti nzima ya mwanzi, na sauti yake kuna watakaoinunia. Nyumbani bado napiga mwanzi.

mvita_tu
Wapiga nzumari huku kwetu hujitengenezea ulimi wao, nyinyi mnangojea pakiti kutoka Ufaransa 😀

kisu_Kisauni
Yakhe, mwanzi wa saksafoni una mashamba yake kule Var, kusini mwa Ufaransa, wanaukausha jua na kuuweka ukomae muda mrefu kabla ya kukatwa. Ukiweza kuuotesha Kisauni, niite.

alto_wa_Bamburi
Nimejaribu ile ya kunyonya. Karibu zote "ngumu" zinaachia papo hapo! Mzee, msasa niupitishe ridi ikiwa kavu au mbichi?

Mzee_Saksi
Kavu. Ikiwa mbichi imevimba, utasugua uvimbe, ikikauka inapinda upya. Na ukimaliza kupiga, ifute, ilaze juu ya kioo mpaka ikauke ndipo uifungie. Zile zitakazoshika hewa na bado ni nzito, mpe kisu_Kisauni akuonyeshe, lakini aanze na ile mbovu kuliko zote.