Tupeane uzoefu: kuongeza boksi la fyuzi kwenye gari la zamani

Mshika Koleo: Ndugu zangu, jana nilifungua dashibodi ya gari la mteja lenye fyuzi nne tu tangu lilipotoka kiwandani, nikakuta redio, taa za ukungu, soketi ya kuchajia simu na honi ya pili vyote vinategemea fyuzi moja ya kioo, ambayo mtu alikuwa ameizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara baada ya kuchoka kuibadilisha. Waliowahi kufunga boksi la pili kwa ajili ya vifaa vya nyongeza, au waliochelewa kulifunga, naomba watusimulie.

Bint Chuma: Karatasi hiyo nimeikuta pia. Kwenye gari jingine nilikuta msumari.

Msafiri wa Usiku: Yangu ni ya moshi. Aliyelimiliki gari kabla yangu alivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaupitisha katika tundu la bati linalotenganisha injini na abiria bila kuweka mpira, hadi nyuma ya dashibodi, ambako ndiko alikoweka fyuzi. Usiku mmoja wa mvua, taa, waipa na feni vyote vikifanya kazi, tulisikia harufu ya plastiki, kisha moshi ukaanza kutoka karibu na usukani. Nilizima gari na kuchomoa ufunguo, lakini moshi ukazidi, kwa sababu waya ule haukupita kwenye swichi wala kwenye fyuzi yoyote kabla ya kufika pale ulipogusa bati. Spana ilikuwa kwenye buti, chini ya mizigo. Shemeji yangu alivua shati, akalizungushia mkononi, akakitikisa kichwa hasi cha betri mpaka kikachomoka. Asubuhi tulipofunua kapeti, tulikuta ukingo wa tundu lile unang'aa kwa kusuguliwa, nyuzi za shaba ziko uchi, na waya umeyeyuka na kugandana na nyaya jirani, zikiwemo za indiketa na taa za breki, kiasi kwamba hatukuweza kuzitenganisha ila kwa kisu.

Kapela: Shati la shemeji lilipona?

Msafiri wa Usiku: Halikupona. Ananidai hadi leo.

Fundi Mstaafu: Fyuzi ilikuwepo, ila ilikaa upande usiofaa. Fyuzi kuu hukaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, na ukubwa wake hufuata uwezo wa waya unaolisha boksi.

Ngome: Siafiki, mzee wangu. Fyuzi hulinda kifaa. Redio yangu iliokolewa na fyuzi ya ampea 5.

Fundi Mstaafu: Kijana wangu, hiyo ilikuwa fyuzi ya redio yenyewe. Betri ya gari hutoa mamia ya ampea waya wake unapogusa bati, na waya huo utaungua wote huku redio yako ikiwa salama kabisa.

Bint Chuma: Mimi nilifunga boksi la fyuzi sita chini ya boneti, nikaliwashia kwa relei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa; miguu yake ina namba: 30 inapokea moto kutoka kwenye fyuzi kuu, 87 inaupeleka kwenye boksi, 85 inakwenda kwenye bodi, na 86 inapokea waya mwembamba kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Koili ya relei hula chini ya robo ampea, hivyo swichi kuukuu haibebi mzigo wa taa. Kilichonitesa ni ethi, yaani kiungo cha kurudisha umeme kwenye bodi, maana taa zilikuwa hafifu mpaka nilipokwangua rangi chini ya bolti na kufikia chuma kitupu.

Ngome: Relei ya nini? Unganisha moja kwa moja na betri, kisha uwe unazima vifaa mwenyewe.

Kapela: Na asubuhi usukume gari mwenyewe.

Mshika Koleo: Viungo vyenu mnavichomea risasi au mnavibana kwa koleo?

Ngome: Risasi, bila shaka.

Fundi Mstaafu: Koleo. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu, na mtikisiko huukata pale pale ugumu unapoishia.

Mama Dainamo: Kabla hamjajaza boksi, pigeni hesabu. Gari langu bado lina dainamo ya ampea 22. Taa mbili za wati 60 kwa volti 12 zinachukua ampea 10, na bado sijagusa waipa. Boksi jipya hugawa umeme tu, halizalishi. Tena kagueni betri kwanza, kwa sababu baadhi ya magari ya zamani ya Uingereza yamefungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, badala ya hasi, na redio ya kisasa ikiunganishwa humo kwa mazoea huungua.

Mshika Koleo: La mteja wangu ni hasi kwenye bodi, nimepima. Yeye anataka boksi la fyuzi nne.

Bint Chuma: Mfungie la nane. Nafasi nne za ziada zitajaa kabla hujafunga boneti.

Mama Dainamo: Ndiyo maana mfungie la nne.