Kimara bila hati au Chanika yenye hati: kipi kitangulie?

Mnunuzi: Wakuu, natafuta nyumba ya kununua hapa Dar, nimebakiza mbili za kuchagua. Kimara: vyumba vitatu, karibu na mwendokasi, karatasi za mauziano ya serikali ya mtaa tu. Chanika: vyumba viwili, hati ya miaka 99, maji ya kisima. Bei zinakaribiana.

MpimaArdhi: Karatasi kwanza. Muhuri wa mtaa unaonyesha mliuziana mbele ya mashahidi, hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Hata ya Chanika usiridhike kwa kuiona hati. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina la mmiliki, rehani na zuio. Kisha mpima alinganishe bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) na ramani. Ukuta ulioingia kwa jirani unakuwa kesi yako. Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Kimara uliza pia hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara: mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro zilivunjwa kwa sababu hiyo.

FundiUjenzi: Nenda siku ya mvua kubwa. Tazama chini ya ukuta: plasta inayomenyuka na unga mweupe ni unyevu unaopanda kutoka msingini, na rangi mpya haiutibu. Ufa wa mshazari kwenye pembe ya dirisha, mpana juu kuliko chini, mara nyingi ni msingi uliotitia. Panda darini uchokonoe mbao kwa bisibisi. Ikizama, mchwa washakula. Fungua mfuniko wa karo la majitaka: likiwa limejaa na nyumba haina watu, huenda maji ya ardhini yako juu. Na gari la majitaka litapita wapi?

MamaPugu: Karatasi sikatai, ila umbali nao unakula hela kila siku. Panda daladala kutoka Chanika Jumatatu saa 11 alfajiri, si Jumapili mchana na dalali. Maji ya kisima yaonje, ukaoshee nguo: sabuni isipotoa povu, chumvi ipo, na hita na mabomba yatakuishia mapema.

Mnunuzi: Muuzaji wa Kimara anasema mtaa uko kwenye urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi ili watu wapate hati.

MpimaArdhi: Akuonyeshe mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, si risiti ya mchango wa urasimishaji. Mchoro huo ndio utakaoonyesha kama kiwanja kinakatwa na barabara ya mtaa. Hajaupata? Lipa arbuni (malipo ya awali) ndogo, mkataba useme inarudishwa yote.

Mnunuzi: Asante ndugu. Naanza na upekuzi wa Chanika.