Mkoa wa Tyumen, Urusi: watu milioni 1.6 au 3.82?

Ramani_Tupu:
Wakuu, naandaa jedwali na ramani ya idadi ya watu wa Urusi kimkoa, sensa ya 2021. Nimekwama Tyumen. Chanzo kimoja kinasema watu milioni 3.82, kingine milioni 1.6. Eneo nalo ni vilevile: kilomita za mraba 1,464,000 au 160,000. Nikijumlisha mikoa yote, jumla inazidi ya taifa. Nishike ipi?

Jedwali Safi:
Zote sahihi mkuu, zinapima vitu tofauti. Ndani ya mkoa wa Tyumen kuna okrugi (wilaya) mbili zinazojitawala, Khanty-Mansi na Yamalo-Nenets. Kwa katiba ya 1993 kila moja ni mwanachama kamili wa shirikisho, lakini papo hapo imo ndani ya mkoa. Wakazi wake wanachagua bunge la okrugi yao na la Tyumen pia.

Gawa hivi:
Tyumen kusini: watu milioni 1.6, km² 160,000
Khanty-Mansi: milioni 1.71, km² 535,000
Yamalo-Nenets: 510,000, km² 769,000

Ukiacha safu ya jumla pamoja na hizi tatu, umehesabu watu mara mbili. Futa ile ya jumla. Unganisha na ramani kwa misimbo ya ISO, vifupisho vya kimataifa vya maeneo (RU-TYU, RU-KHM, RU-YAN), si kwa majina, maana faili nyingi za ramani zikiandika Tyumen zinamaanisha kusini tu. Arkhangelsk ina mtego huohuo, humo kuna okrugi ya Nenets.

Baridi Yabisi:
Naongezea: usipake rangi kwa wastani wa mkoa mzima. Watu 2.6 kwa kilomita ya mraba hauelezi pande zote mbili. Kusini, kwenye mashamba na reli ya Siberia, ni kama 10. Yamal, yaani Yamalo-Nenets, haufiki hata mmoja. Na projeksheni (njia ya kuchora dunia kwenye ramani bapa) ya Mercator inaivimbisha Yamal kupita kiasi, chagua inayolinda ukubwa wa eneo.

Jingine ni wafanyakazi wa zamu wa visima vya gesi. Wengi makazi yao ya kudumu yako mikoa mingine na huhesabiwa huko. Ukigawa pato la Yamal kwa wakazi wake unapata utajiri wa ajabu, na sehemu ya mishahara hiyo inaliwa kwingine kabisa.

Ramani_Tupu:
Shukrani wakuu. Alama za miji niweke makao makuu tu?

Jedwali Safi:
Hapana, utapotosha. Tyumen mjini sawa, ni karibu watu 850,000. Lakini Khanty-Mansiysk ina kama laki moja tu, wakati Surgut, mji wa mafuta, inakaribia laki nne. Yamal hivyohivyo: Novy Urengoy ni zaidi ya mara mbili ya Salekhard, makao makuu.

Baridi Yabisi:
Ukichora usafiri, usiunganishe Salekhard na reli. Stesheni iko Labytnangi, ng'ambo ya mto Ob, na daraja hakuna. Kiangazi ni kivuko, majira ya baridi magari yanapita juu ya barafu. Barafu inapoanza kushika au kuvunjika, vyote viwili vinasimama na watu wanavushwa kwa helikopta au hovakrafti (vyombo vinavyoelea juu ya hewa). Weka mstari wa nukta, na maelezo ya msimu pembeni.