Vijana wapewe viti vyao halmashauri ya kijiji, au wasubiri zamu?

Mchokonozi: Wakuu, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo sheria imewapa wanawake. Vijana hawana hata kiti kimoja. Kwetu tulibahatika kupitisha kijana wa miaka 24. Mwaka mzima sasa kazi yake kuandika muhtasari na kuazima viti msikitini. Ikifika hoja ya hela za kisima anatumwa soda. Tudai viti maalumu au?

Mzee Korosho: Nimekuwa mjumbe miaka tisa. Wa kwetu anaingia kikaoni na hedifoni shingoni, shikamoo hatoi, "mambo vipi wazee". Aanze na adabu, kiti baadaye.

Binti Masasi: Kumbe tatizo ni shikamoo! Haya, shikamoo mzee. Sasa lete mapato na matumizi. Mkutano mkuu ni kila miezi mitatu, sisi tangu masika hatujaitwa.

Mzee Korosho: Usinikejeli, binti. Hayo anasoma mtendaji.

Fundi Baiskeli: Hiyo shikamoo yenyewe si ndiyo "nashika miguu yako"? Mambo ya utumwa hayo. Wanangu nimewaambia waseme habari, basi.

Mwalimu Mstaafu: Fundi, nani kakudanganya? Kuna makabila mkwe anapigiwa magoti mpaka leo, na hakuna mtumwa pale. Ni heshima tu.

Fundi Baiskeli: Heshima gani mwanangu kuzabwa kofi na mjumbe kisa kapita bila kuamkia? Au na wewe ulikuwepo ukashangilia?

Mchokonozi: Jamani, niliuliza viti.

Kijana Bado: Salim Ahmed Salim alikuwa balozi Misri ana miaka 22. Nyerere tunapata uhuru 1961 hajafika 40. Mimi nina 34, naambiwa ngoja wakubwa waongee.

Mzee Korosho: Salim alikuwa na nidhamu. Wewe 34 bado unakula kwa mama.

Kijana Bado: Nakula kwa mama kwa sababu baba hajanigawia mikorosho, na hajanigawia kwa sababu "bado mdogo". Salfa, dawa ya mikorosho, napuliza mimi kila msimu, macho yanawasha wiki nzima. Korosho zikifika ghalani stakabadhi inaandikwa jina lake.

Binti Masasi: 😂😂 pole kaka

Mama Kitenge: Mchokonozi, kiti si kitu. Sisi na robo yetu tunaingia, tunapangiwa mapishi ya wageni. Kwetu kilichosaidia ni kamati ya maji: mzee mmoja na binti mmoja ndio watia sahihi benki, bila wote wawili hela haitoki. Mwanzoni walinuniana. Binti alitaka kila asiyelipa akatiwe, mzee anasema yule kafiwa, yule ana mgonjwa, ngoja avune. Lakini mzee naye alikuwa anakadiria mita kwa macho! Binti akamwonyesha namna ya kuisoma. Sasa hawaachani.

Fundi Baiskeli: Anamwamkia lakini?

Mama Kitenge: Wanataniana tu kama babu na mjukuu. Siku binti hajafika, mzee hatii sahihi, anasema "mwenye macho hayupo".

Mwalimu Mstaafu: Fundi, bado hujanijibu la magoti.

Mzee Korosho: Kijana Bado, hebu ngoja. Mikorosho yenu ipo upande gani, kule bondeni karibu na ghala? Baba yako nani?

Kijana Bado: Shikamoo mzee.