Wanafunzi 24 na tanga: Mbudya, Mafia au Kilwa?

Mwalimu_Mtoni
Habari za jioni wadau. Nina klabu ya mazingira na historia, wanafunzi 24 wa kidato cha pili na cha tatu, shule ya kutwa huku Temeke. Wengi wamezaliwa Dar, lakini bahari wanaijua kwa kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni tu. Likizo ya mwezi wa sita nataka wapande chombo cha tanga, si boti ya mashine, wakione kisiwa: viumbe wake, na watu waliokaa pale zamani. Wazazi wamekubali elfu thelathini kwa kila mtoto, hapo hawasogei. Kichwani nina Mbudya siku moja, Kilwa Kisiwani siku tatu, Mafia siku nne. Aliyewahi kupeleka kundi anisaidie, na asinipambe.

Kigamboni_Kwetu
Elfu thelathini Mafia siku nne? Mwalimu, hiyo hela inaishia bandarini Nyamisati, hata kisiwa hamjakiona 😂

Mama_Watatu
Mimi ni mzazi, naanza na maboya. Mwaka juzi mwanangu alipelekwa kisiwani na kundi fulani, watoto zaidi ya thelathini chombo kimoja, maboya kumi na mawili. Nilipouliza nikajibiwa "bahari iko shwari mama". Kabla hujalipa hata shilingi, mwalimu, nenda mwenyewe ukayahesabu, na uyafungue uone kama kamba hazijaoza.

Baharia_Mstaafu
Mwalimu, kabla ya kuchagua kisiwa chagua upepo. Mwezi wa sita kusi imeshika, na kusi inapeleka vyombo kaskazini. Jahazi la kutoka Dar kwenda Kilwa mwezi huo litabisha, yaani litakwenda mshazari dhidi ya upepo, njia nzima, na watoto watatapika mpaka wachukie bahari maisha yao yote. Wazee wetu walishuka Kilwa na kaskazi, Desemba hadi Machi, wakapanda na kusi. Ukifuata ratiba yao, klabu yako itarudi muhula umekwisha.

Mbudya ni mbio fupi kutoka Kunduchi. Alfajiri kuna umande unaotoka nchi kavu, tanga linajaa taratibu, mtoto anaona kila kitu: foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyopandishwa, demani, kamba ya kuliongoza tanga, inavyolegezwa na kukazwa. Mchana kusi inapanda, hapo hutaki kuwa katikati na watoto.

Halafu tazama mwezi. Nenda wakati wa bamvua, mwezi mchanga au mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na mwamba unabaki wazi. Maji mafu hayakuonyeshi kitu.

Magofu_na_Mawe
Mzee hapo juu ameitaja siri ya Kilwa bila kuisema. Chombo cha Uarabuni kiliweza kushuka na kaskazi hadi Kilwa na kurudi na kusi msimu ule ule. Kuendelea hadi Sofala, huko Msumbiji, kwenye dhahabu kulikuwa kujitia hatarini kukosa upepo wa kurudi. Kwa hiyo dhahabu ikaletwa Kilwa, wageni wakaifuata hapo. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mjenzi wa kasri la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane linalotazama bahari.

Na ukitaka viumbe, usidhani Kilwa ni mawe tu. Hayo mawe yenyewe ni viumbe! Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, umejengwa kwa matumbawe, na mapambo yalichongwa kwenye matumbawe mabichi yaliyotolewa majini kabla hayajakauka na kuwa magumu. Mtoto akishika ukuta ule na kuona vitundu vidogo vidogo vya mdudu aliyeishi baharini, huna haja ya ubao. Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara ziko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004 hadi 2014, na mawimbi ni miongoni mwa waliokuwa wakizila.

Panda basi hadi Kilwa Masoko, chukua kibali pale, kisha vuka mlango wa bahari kwa tanga. Mwendo ni mfupi hata kwa wenye moyo mdogo. Songo Mnara ni mbali zaidi, mnapita kwenye mikoko, na maji yakiwa yametoka mnashuka na kutembea kwenye tope. Kwangu mimi Kilwa ni namba moja, Mbudya ni pikiniki.

Popo_wa_Chole
Nami niisemee Mafia, ingawa bajeti imeshaizika. Kule historia na viumbe vinalala kitanda kimoja. Hifadhi ya bahari ya 1995 ndiyo ya kwanza nchini, na ndani yake kuna watu, vijiji na magofu. Kisiwa cha Juani kuna Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, leo mibuyu na mizizi imepasua kuta. Upande wa pili wa kisiwa hicho hicho kasa wanataga, na mwezi wa sita mayai yanaanguliwa. Kisiwa cha Chole mchana mnakuta popo wakubwa wananing'inia mitini kama nguo zilizoanikwa. Papa potwe msimtafute Juni, yeye ni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi.

Kusi ikichafuka mnaweza kukaa Kilindoni, bandari ya Mafia, siku mbili mnasubiri chombo cha kurudi. Imenikuta. Kwa watoto wa watu hapana.

Mtoto_wa_Kunduchi
@Magofu_na_Mawe, pikiniki ni kwa anayeenda kula samaki na chipsi. Kabla ya kupanda chombo wapeleke kwenye magofu ya Kunduchi, hapa hapa. Kuna msikiti wa kale, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopachikwa vyombo vya Kichina. Utaona mashimo ya mviringo mahali sahani zilipokuwa. Waulize wanafunzi sahani ya China ilifikaje Kunduchi, kisha uwapandishe kwenye tanga wajijibu.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitangazwa maeneo tengefu tangu 1975. Bado baruti za wavuvi zimevunja miamba yake kwa miaka mingi, na joto la 1998 likapausha matumbawe pwani nzima. Wataona yaliyo hai na yaliyokufa, bega kwa bega. Wavae raba za zamani, nyuma ya kisiwa kuna mwamba mkali unaokata kama wembe, na mwambie kila mmoja asiokote chochote kupeleka nyumbani.

Magofu_na_Mawe
Ya makaburi nakubali, nilisahau. Basi siku nyingine wapitishe Makumbusho ya Taifa, vitu vya Kilwa vipo pale na daladala inawafikisha. Pikiniki nairudisha mfukoni.

Mwalimu_Mtoni
Shikamoo mzee Baharia, na asanteni wote. Kunduchi asubuhi siku moja, peke yake, kwa daladala. Mbudya siku ya bamvua, vyombo viwili, kumi na wawili kila kimoja, maboya nitayahesabu mwenyewe na mama yetu hapo juu karibu tukayahesabu pamoja. Kilwa nitaandika barua ya ufadhili kwa ajili ya Desemba.

Swali moja limebaki. Wasichana wawili wameniuliza kama nahodha atawaachia usukani.

Baharia_Mstaafu
Marahaba. Kukiwa na umande tu, waache washike, nahodha akae ubavuni. Mimi nilishikishwa nikiwa na miaka tisa, na nilipopotea njia baba alicheka tu, hakuninyang'anya.