Manesi wenye jeraha la dhamira: tuwapeleke wapi hapa Mombasa, na tufanye nini huko?

Mratibu_Kisauni
Salaam aleikum jamaa. Kuna kikundi cha manesi saba na wahudumu wawili wa ambulensi. Wengi wao hawasumbuliwi sana na hofu. Kinachowala ni majuto, ndilo hilo jeraha la dhamira: mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wawili, au amri ya mkubwa waliyoitii huku moyo ukikataa. Mshauri nasaha wanaye, huwaona kila baada ya wiki mbili. Tunataka kuongeza matembezi ya Jumamosi. Wapi panafaa, kwa muda gani, na ni mambo gani huharibu? Gari hatuna.

Mvinje_Bamburi
Aleikum salaam. Utafiti wa Uingereza wa 2019, wa watu karibu 20,000, ulikuta kwamba waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema afya yao ni njema, iwe kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo. Haukuhusu kiwewe, wala hauthibitishi kuwa miti ndiyo iliyowafaa. Uchukueni kama kipimo cha kulenga tu. Jumamosi ya kwanza nusu saa yatosha.

Kwa kuanzia napendelea Haller Park, hapa Bamburi. Yalikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti. Mivinje ilianza kupandwa 1971, na majongoo wakala majani makavu mpaka udongo ukapatikana. Kiingilio kipo, lakini pana uzio na kivuli, na mtu anayeshtuka kila akisikia hatua nyuma yake hutulia akijua mlango uko wapi. Pale mamba wanapolishwa msipakaribie. Ufukweni Mama Ngina chini ya mibuyu nako kuzuri, ila iwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya umati.

Kiongozi mmoja mbele, mmoja nyuma. Wakikaa, wakae mgongo ukiwa kwenye shina, na kamwe si chini ya mnazi. Macho wasifumbe: aliyeona maiti akifumba macho, picha ndipo zinapomjia. Pumzi ni kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa sita, bila kuibana.

Nasaha_Tudor
Hayo ya Mvinje hutuliza mwili. Majuto hayashuki kwa pumzi, na hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Mwenye hofu hupumzika akiwa kimya. Mwenye kujilaumu ukimwacha kimya saa nzima, anaendesha kesi dhidi yake mwenyewe na kujihukumu. Kwa hiyo kimya kiwe dakika tano mpaka kumi, kisha mpe macho yake kazi.

Kwenye mikoko kazi hiyo ipo tele. Chuchumaa karibu na mashimo ya wale kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa. Ukikanyaga wote huzama. Ukitulia, wanachungulia mmoja mmoja, kisha dume anaanza kupunga gando. Mtu akitikisika wanarudi ndani, basi anaanza upya. Hakuna anayemsahihisha isipokuwa kaa.

Mazungumzo yaje baada ya hapo, wawili wawili wakitembea ubavu kwa ubavu. Kusema jambo la aibu huku unatazama njia ni rahisi kuliko kutazamana. Msikilizaji asikimbilie "ni kadari ya Mungu" wala "hukuwa na la kufanya". Hata kama ni kweli, ikisemwa mapema humfunga mdomo. Aulize kwanza: nini hasa kilikuwa mikononi mwako, na nini kilikuwa mikononi mwa mkubwa? Wengi hubeba vyote viwili. Kwa Muislamu anayetaka toba, mtafutieni shekhe msikivu. Haki ya mja, yaani deni la binadamu mwenzako, ina njia yake ya kulipwa, na kuijua humwondoa mtu kwenye majuto yasiyo na mwisho. Mkristo naye apelekwe kwa padri au mchungaji wa namna hiyo.

Bi_Mlilana
Mkienda mikokoni angalieni maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Ingieni saa moja kabla, tokeni yanapoanza kujaa. Viatu vya kufunga, kwani chaza kwenye mizizi hukata kama wembe. Lita moja ya maji kwa kila mtu.

Tope lile hunuka yai viza. Kwa aliyeshughulikia maiti, harufu hiyo yaweza kumrudisha palepale, basi aambiwe kabla ya kushuka na awe na ruhusa ya kubaki juu.

Mtashawishika kupanda miche. Ni kazi nzuri, lakini pitieni kikundi cha wenyeji chenye kibali. Mkoko huchomekwa theluthi moja tu ya mche, na miche mingi hufa: kaa huila, mchanga huifukia. Mtu anayeamini alisababisha kifo msimpe mche wenye jina la marehemu. Ukifa, mtakuwa mmemzidishia.

Mratibu_Kisauni
Shukran sana. Na akianza kulia?

Nasaha_Tudor
Mwache alie, kaa upande wake, usimguse bila idhini. Cha kutisha ni macho yaliyoganda na kutoitikia jina. Hapo mwite kwa jina, mwambie ni siku gani na yuko wapi, akandamize nyayo chini, ataje vitu vitano anavyoviona. Akizinduka, matembezi yameisha kwa siku hiyo. Arudi na mtu, na mshauri apigiwe simu.

Akisema hataki kuishi, msingoje zile wiki mbili. Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili. Mpelekeni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.